Miche ya Mama Imeshang'olewa

Majengo, Jumanne usiku

Na sikusema itanyesha! Nilisema huenda.

Mchana mama alinipigia kutoka Lusewa: ang'oe miche ya tumbaku kitaluni leo, alfajiri waipande? Modeli yangu ya kutabiri hali ya hewa pale ofisini ilionyesha hewa ya joto yenye unyevu ikipanda milima ya Umatengo, ikigeuka mawingu, ikimwaga mvua mpaka kwao. Nikamjibu, "Huenda kesho, mama."

Jioni nikaiendesha tena kwenye kompyuta. Nilibadilisha unyevu kidogo tu, kidogo mno, na mvua yote ikaishia milimani. Lusewa, hata tone.

Nikampigia haraka. Alikuwa anacheka. "Tumeshang'oa, mwanangu. Na majirani pia. Nimewaambia binti yangu ndiye anayeijua mvua."

Mche ukishang'olewa haurudi kitaluni. Nilitaka kumwambia ukweli, nikajikuta namuuliza habari za mguu wake unaomsumbua.

Sasa hivi nimetoka uani kuangalia juu. Nyota tele, hata wingu la kusingizia hakuna.

Ofisini nikikosea, ni rangi tu imekaa vibaya kwenye ramani. Lusewa wamelaza miche chini ya magunia mabichi, wanasubiri mvua yangu.