Kahawa ya Mama Yangu kwa Mke Mwenzangu

Migori, Jumapili, Juni 1996

Mvua haijakatika tangu asubuhi. Bati linapiga kelele, uwanja umekuwa tope tupu, na mimi sikwenda kanisani.

Nina wivu. Naandika hivyo kwanza, kabla sijaanza kujitafutia neno lenye heshima zaidi.

Huu ni mwaka wangu wa nne hapa Kenya. Mengi nimeyazoea. Nimezoea ugali wa mtama, nimezoea kuuza vitenge kwa lugha tatu zilizochanganyika, nimezoea kuitwa Nyar Moshi, binti wa Moshi, hata na watu wasiojua jina langu. Nilichoshindwa kuzoea ni kukosa kahawa. Hapa watu ni chai ya maziwa, asubuhi, mchana na jioni. Ukiomba kahawa hotelini unaletewa maziwa ya moto yaliyokorogewa unga wa kopo, na mhudumu anasimama kando kuona kama umefurahi. Mwenye nyumba wangu ni Msabato, hata chai hanywi. Nilipomuuliza nitapata wapi kahawa ya kweli aliniambia, "Nyar Moshi, hiyo kitu ni ulevi. Shukuru Mungu haipatikani."

Zamani sikuwa na shida. Mama alinitumia kutoka nyumbani, ameshaikaanga na kuitwanga, imefungwa kwenye kitambaa. Kazi yangu ilikuwa kuchemsha na kutia tangawizi. Mama alifariki mwaka jana. Kifurushi cha mwisho nilikitumia kwa kijiko, halafu kwa nusu kijiko, halafu nikabaki nanusa kitambaa.

Mume wangu, Ouma, ni fundi wa malori ya miwa Awendo. Zamani alikuwa dereva, na kila akishusha mizigo Moshi alikuja kukaa kwenye mgahawa wa mama. Ndipo tulipojuana. Hakunidanganya. Aliniambia mapema kwamba ana mke Homa Bay, Mama Achieng, na watoto wanne. Nikakubali kuwa mke wa pili, nikamfuata. Wiki moja analala kwangu, wiki nyingine kwake.

Mama Achieng ana nyumba yake, ana shamba Ndhiwa, ana watoto, ana wakwe wanaomwita kwanza kukiwa na jambo. Mimi nilikuwa na kahawa.

Nilikuwa nikijiambia hivyo na kucheka, lakini sikuwa natania.

Kwa Kijaluo mke mwenza ni nyieka, na wivu ni nyiego. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani nimesikia neno moja mara mbili.

Jumatatu Ouma alirudi kutoka kwa Mama Achieng, wiki yangu ikaanza. Nilichukua shati lake nilifue, nikabaki nimesimama nalo juu ya karai. Lilikuwa linanuka kahawa. Kahawa ya kumwagikiwa naijua, na hii haikuwa hiyo. Ulikuwa moshi wenyewe, ule wa punje zinapokaangwa, unaoingia kwenye nguo na kukataa kutoka.

"Umekunywa kahawa wapi?" nikamuuliza.

"Kahawa? Mahali tu."

"Mahali gani?"

"Ah, Nyar Moshi. Mtu sasa hawezi kunywa kahawa?"

Angeniambia ana mwanamke wa tatu nisiyemjua, labda ningelia yakaisha. Sikulia. Nilifua shati lile nikalirudia, na usiku nilipoliokota kambani nililinusa tena.

Jana alisema anakwenda Awendo, kuna lori limekwama. Alipotoka nilifunga vitenge vichache, nikamwambia jirani nakwenda kuuza Homa Bay, nikapanda gari.

Nyumba ya Mama Achieng iko nyuma ya soko, ukipanda kidogo. Nilikuwa nimefika mara moja tu, siku ya kutambulishwa. Harufu ilinipokea kabla sijaiona nyumba. Miguu ilisimama yenyewe barabarani. Kwa muda mfupi, kweli kabisa, nilimsubiri mama aniite.

Nje ya nyumba kulikuwa na benchi jipya. Wanaume wawili wa ofisini na muuguzi mmoja walikuwa wameketi na vikombe mikononi. Mwenye miwani alinisogezea nafasi.

"Kaa, mama. Umewahi kuonja kahawa ya Mama Achieng? Homa Bay yote hakuna kama hii."

Kahawa ya Mama Achieng.

"Nimewahi," nikamjibu. "Kwa mama yangu."

Alicheka kidogo, akidhani nafanya mzaha. Mama Achieng alikuwa ametokea mlangoni na birika. Ananizidi umri kwa miaka kumi hivi, mrefu, mtulivu, aina ya mwanamke anayekufanya ukumbuke kunyoosha mgongo. Alinitazama mimi, akavitazama vitenge, na niliona ameelewa sikuja kuuza.

"Huyu anasema kweli," aliwaambia wateja wake. "Hii kahawa ni ya mama yake. Mimi niliambiwa tu."

Halafu kwangu: "Ingia ndani, Nyar Moshi. Usisimame kwa jua."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, hata gari lilipofika Rodi Kopany nilikuwa bado nayapanga. Yote yakapotea. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni kwake, nikauliza moja tu.

"Ni Ouma aliyekufundisha?"

"Ni mimi nilimuuliza, usimkasirikie sana," alisema. "Akitoka kwako shati inanuka kahawa. Mimi ndiye nafua. Miaka mitatu nafua tu hiyo harufu, nyamin, mdogo wangu. Nikasema hapana, na mimi nitajua hii kitu ni nini. Dada yangu ameolewa Kisii, wako na miti ya kahawa huko. Akaniletea. Ouma akakaa hapo kwa hicho kiti umekalia, akanionyesha. Alisema mama yako anatoa chungu kwa moto kabla haijakuwa nyeusi. Anatikisa, anarudisha. Anatoa tena. Anasikiliza kwanza."

"Anasikiliza nini?"

Alinishangaa. "Si inalia? Ikianza kulia kama chumvi kwa moto, unatoa. Wewe hukujua?"

Sikujua. Mgahawani mimi nilikuwa mbele na wateja, nimevaa vizuri, nikikwepa moshi. Ouma ndiye aliyekaa jikoni na mama huku lori likipakiwa. Mama alipenda kuongea na madereva. Mume wangu amebeba kitu cha mama yangu ambacho mimi sina, na alipoulizwa akakitoa. Alimpa yeye. Mimi hakuniambia hata siku nilipokuwa nanusa kitambaa mbele yake.

Hapo wivu wangu ukapoteza njia. Nilimwonea wivu Mama Achieng, nikamwonea Ouma, na nadhani kidogo nilimwonea hata mama, kwa kumpa dereva wa lori alichokuwa nacho.

Mama Achieng alinimiminia kikombe. Niliomba kiwe kibaya. Niliomba kabisa, kama mtu anavyoomba kanisani. Nilitaka tangawizi izidi, au iwe imeungua, nipate la kwenda nalo nyumbani.

Ilikuwa nzuri. Ilikuwa ileile. Labda hata ilizidi, kwa sababu ilikaangwa siku ileile, na ya kwangu siku zote ilisafiri.

Nilikunywa nikiangalia ukuta. Yeye hakuniuliza kama nimeipenda. Alikuwa akimenya tangawizi. Kikombe cha pili niliomba mwenyewe.

Tulikuwa bado tumekaa hivyo Ouma alipoingia. Wiki ya kwangu. Siku ya lori lililokwama Awendo. Alikuwa ameshaanza kusema "Mama Achieng, kahawa..." ndipo akaniona, akabaki na mguu mmoja nje.

"Nyar Moshi."

"Lori limetengenezeka mapema," nikamwambia.

Alitazama dari. Alitazama vitenge vyangu kana kwamba anataka kununua. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo sana kwa mtu wa mwili wake, "Kahawa iko?"

Mimi sikuinuka. Mama Achieng naye hakuinuka. Hatukupanga, hatukutazamana. Tulikaa tu, kila mmoja na mikono mapajani, na Ouma akaelewa kwamba leo hakuna mke wa kumpelekea kikombe. Akalifuata birika mwenyewe. Likatoa mashapo meusi, robo kikombe. Akayanywa akiwa amesimama.

Mama Achieng ndiye aliyecheka kwanza. Kicheko chake ni kizuri, kinaanzia mbali. Nami nikacheka, sikuweza kujizuia. Lakini Ouma alimtazama akicheka, na nikaona jinsi anavyomtazama. Ni macho ya miaka mingi, ya watoto wanne na mazishi na mavuno. Hajawahi kunitazama hivyo. Kicheko kikanikauka mdomoni.

Niliporudi nilikuwa na mfuko wa kahawa mbichi kutoka Kisii. Mama Achieng aliusukuma ndani ya vitenge vyangu kama mtu anayeficha. Ouma alirudi nami. Tulipopita Rongo ndipo akaanza kuongea, habari za matope.

Leo asubuhi, kabla hajaamka, nilijaribu kuikaanga. Niliitoa motoni, nikaitikisa, nikairudisha. Nilisikiliza. Kwa mvua hii juu ya bati sikusikia chochote, na ghafla punje zote zikawa mkaa. Mwenye nyumba alifungua dirisha, akaanza wimbo wa dini kwa sauti ya juu. Niliitwanga hivyohivyo nikaichemsha, nikanywa nusu kikombe kwa ukaidi. Iliyobaki niliimwaga.

Ouma yuko ndani. Ningeweza kumwita anionyeshe, na najua angekubali haraka, kwa aibu. Sitaki. Sitaki kupewa na yeye kitu cha mama yangu baada ya kukipeleka kwingine. Lakini mama hayupo, na nchi hii nzima anayejua kuikaanga kama yeye ni mwanamke mmoja tu, na huyo mwanamke ni mke mwenzangu.

Nimelifikiria hili tangu asubuhi, na kila nikiligeuza linatoka vilevile.

Punje zimebaki nusu mfuko. Kesho wivu huu utaamka nami, najijua. Utakunywa chai ya maziwa pamoja nami, na baada ya chai nitamtumia Mama Achieng salamu kwamba naja kujifunza.