Chumvi ya Siwema

Ijumaa. Mawingu tangu alfajiri, lakini mvua haikunyesha. Maji yamekupwa, na matope ya mikokoni yananuka hadi barazani kwetu. Mama anasema zamani nilikuwa naichukia harufu hii. Mimi naisikia tu, basi.

Daktari wa hospitali ya wagonjwa wa akili, kule bara, aliniambia niandike kila siku, walau mistari michache, ili yanayonipata sasa yasinipotee kama yale ya nyuma. Basi naandika. Naitwa Athumani. Nilikuwa karani wa boriti kwa mfanyabiashara mmoja hapa Maparoni: watu wanakata mikoko, mimi nahesabu. Mwanzo wa masika nililala, nikawa sitaki kuamka. Sikuwa na homa. Nilikuwa nimekwisha tu. Wakanipakia mtumbwini, kisha lori la Kibiti, kisha gari moshi, na huko mwisho wa reli nikapigwa umeme.

Watu wananiuliza umeme ukoje. Wakiniuliza wanashusha sauti.

Umeme wenyewe siujui. Hilo ndilo hawaliamini. Naikumbuka asubuhi isiyo na chai, na benchi tuliyokaa kungoja zamu. Nayakumbuka maji ya chumvi wanayokupaka kwenye mapanja, pembeni mwa macho, kipande cha mpira mdomoni usije ukajing'ata ulimi, wahudumu wamekushika mabega na magoti, na kisanduku chenye mshale, kidogo kuliko redio ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Baada ya hapo nakumbuka niko kitandani, kichwa kinauma, taya limechoka, na mtu ananiuliza jina langu. Kati ya hapo na hapo hakuna kitu. Si giza. Hakuna.

Jirani yangu wa kitanda, fundi viatu, mtu wa bara, alikuwa akijificha uvunguni kila siku ya zamu yake, nao wakimvuta kwa miguu. Mwingine aliomba mwenyewe arudiwe, maana baada ya mara chache alianza tena kuota ndoto, akasema ndoto nazo ni riziki. Mimi sikuogopa wala sikuomba. Nilikwenda nilipoitwa. Lakini haki isemwe: nilianza kula, nikaanza kuamka na kuoga. Nisingepigwa ule umeme, nadhani saa hizi mama angekuwa amekwisha nisomea hitima.

Ulinirudisha, ila haukurudisha vyote.

Siwema ni mke wangu, na ni binti wa mjomba wangu. Nyumba yao inatazamana na yetu. Mtoto hatuna. Niliporudi nilimkuta amehamia kwao. Chakula cha jioni analeta yeye, lakini anakuja kajitanda kanga hadi kwenye nyusi, na sahani anaiweka mkekani badala ya kunipa mkononi. "Kaka Athumani, chakula," anasema. Utotoni aliniita hivyo. Tangu tuoane hakuniita kaka hata siku moja. Yote hayo niliyaona, na sikuuliza. Nilikula, nikasema asante.

Aliyelalamika ni mama. Juzi alionja mchuzi niliobakiza, akatema. "Binti huyu anapikia maji ya bahari?" alisema. Mimi nilikuwa nimekwisha shiba.

Siku hiyohiyo ndipo aliponieleza. Dresa wa zahanati alikuwa amemkataza asinipe habari nzito, lakini habari yenyewe ilikuwa imeshafika mlangoni. Mtu mmoja wa Dimani, mkulima wa mpunga aliyefiwa na mkewe, ametuma mshenga kwa mjomba kumposa Siwema.

Nilimwuliza mama, mke wa mtu anaposwaje?

"Mwanangu," alisema, "weye ulimwacha."

Sikumbuki.

Nimejaribu. Nimekaa nimefumba macho nikaitafuta siku hiyo nikaikosa. Mwalimu Kombo, anayetuswalisha, alikataa mtu wa Dimani apewe jibu lolote mpaka ijulikane kama talaka ile ni talaka. Ya mwendawazimu haishiki. Ya mwenye akili zake inashika, hata akiijutia kabla hajafunga mdomo. Mimi nilikuwa yupi? Leo baada ya swala tulikaa barazani kwa mjomba kulitafuta jibu hilo: mwalimu, mjomba, mama na mimi. Siwema alikaa ndani, nyuma ya pazia la mlango.

Mwalimu alianza na mimi. "Athumani, siku ile ulikuwa na akili zako?"

Hapa naandika ukweli, maana hakuna anayesoma. Jibu lililotakiwa nililijua. Mama alikuwa akinitazama mdomoni kana kwamba atanitolea neno. Nikisema nilikuwa na wazimu, Siwema ni mke wangu mpaka leo, na mtu wa Dimani amwite mshenga wake arudi. Nani angebisha? Nimetoka hospitali ya vichaa. Nilingoja moyo unisukume niseme. Haukunisukuma. Uongo nao unataka nguvu.

"Sikumbuki, mwalimu," nilisema.

Akaligeukia pazia. Siwema akasimulia kwa sauti kavu, kama mtu anayesoma barua ya mwenzie.

Ilikuwa asubuhi, shambani kwao, nimekaa kwenye ngazi ya dungu wanalolindia ndege. Nilimwita. Nilimwambia nimechoka kuwa hai, nimeamua, na yeye asijilaumu. Nikamwambia kwamba siku ya kufa kwangu ikimkuta bado ni mke wangu, atakaa eda ya mjane, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, na mpunga utavunwa na nani? Kwa hiyo namwacha talaka moja, apate eda fupi, awahi mavuno. Kisha nikatamka. Sauti yangu haikutetemeka. Yeye akapiga kelele, kaka zake wakatoka mbio kwenye majaruba wakanishika, na hivyo ndivyo nilivyofika Kibiti nimefungwa kamba.

Nilimsikiliza mtu huyo akisimuliwa. Nilimwonea huruma kidogo, kama ninavyomwonea mtu wa kijiji cha mbali.

Mwalimu alizungusha tasbihi yake. Kisha akaniambia, "Hesabu yenyewe umekosea. Mume akifa na mke yumo ndani ya eda ya talaka moja, eda inageuka kuwa ya mjane. Ungemkalisha ndani vilevile."

Karani mzima.

Mjomba alikohoa kwa nguvu, nadhani alikuwa anaficha kicheko. Hata mimi nilihisi mdomo wangu unataka kufanya kitu, kisha ukaacha.

"Lakini kukosea eda si wazimu," mwalimu aliendelea. "Ingekuwa wazimu, nani angebaki mzima hapa Maparoni? Siwema, mwanangu, weye ndiye uliyemtazama usoni. Alikuwa na akili?"

Neno lilibaki lake peke yake. Angesema sikuwa nazo, angerudi kwangu kabla ya magharibi.

"Alikuwa nazo, mwalimu," alisema. "Siku ile alilijua shamba langu, alijua mie nitapata taabu, aliniwazia mavuno yangu na yeye mwenyewe anakwenda kufa. Huyu aliyerudi ndiye nisiyemjua. Wiki nzima namtilia chumvi ya kukaushia papa, anakula, ananiambia asante. Nilikuwa nangoja aseme. Anikemee, atupe sahani, lolote. Sasa nimrudie mume nije nimlishe kama kinda?"

Mama alianza kulia. Mimi nilitazama mkeka. Ulikuwa na ukindu mmoja uliokatika, nikaurudisha mahali pake, ukatoka tena.

Mwalimu akaamua. Talaka imeshika, ni moja, na eda imekwisha pita. Tukitaka kurudiana ni ndoa mpya na mahari mpya, na Siwema mwenyewe aridhie. Mjomba akauliza basi mtu wa Dimani aambiwe nini. Siwema alimjibu kabla ya mwalimu.

"Aambiwe mpunga ukiisha kuvunwa nitajibu. Na Athumani naye, siku akijua anachotaka, atume mshenga kama watu."

Hakusema kaka. Hilo nililiona pia.

Tulivuka uwanja kurudi nyumbani, mama akitangulia na kanga yake mdomoni. Alitaka kunilaumu, nikamwona anajizuia. Ningependa angenilaumu. Kila mtu hapa ananibeba kama yai tangu nirudi, isipokuwa Siwema.

Jioni nilidhani chakula hakitakuja. Kilikuja. Aliiweka sahani mkekani, akaenda zake bila neno. Wali na mchuzi wa kamba. Tonge la kwanza lilipita. La pili likasimama mdomoni.

Haukuwa na chumvi. Hata chembe.

Nilikaa nimelishika tonge upande mmoja wa shavu. Nilingoja lipite, kama yanavyopita mengine yote. Halikupita. Basi niliinuka, nikaenda jikoni kwa mama, nikafunua chungu hiki na kibuyu kile mpaka nikaiona chumvi. Nikatia, nikaonja, nikatia tena. Mama alisimama mlangoni na mwiko wake, asiingie. Nadhani aliogopa kuharibu.

Nisijidanganye. Sikufurahi, na sikulia. Kifua bado ni kilekile. Lakini nilipokuwa naitia ile chumvi nilimfikiria mtu wa Dimani, ambaye hata sura yake siijui. Nikamwona amekaa mbele ya sahani hii anakula, na Siwema anampa maji mkononi. Kitu kikaniuma chini ya mbavu. Kidogo tu. Tangu hapo nimekuwa nakipapasa kila mara, kama mtu anavyopapasa jino kwa ulimi, nione kama bado kipo.

Kipo.

Mama alitaka kuirudisha sahani mwenyewe. Nimemwambia aiache. Nimeiosha, iko hapa karibu na taa. Kesho nitaivusha uwanja mimi, nisimame nje ya mlango wa mjomba, nibishe hodi, niseme mchuzi wa jana haukuwa na chumvi. Baada ya hapo sijui nitasema nini. Labda nitakuwa sina la zaidi, naye atafunga mlango, na atakuwa na haki.

Lakini mpunga bado uko shambani.