Anataka Niombe Radhi kwa Kuisoma Makala Yake

Shangazi Fokje mpendwa,

Nakuandikia kwenye safu yako ya gazeti nikiwa bado na hasira. Mume wangu ameniambia ningoje zipoe kwanza, lakini najijua, zikipoa nitaandika maneno ya adabu tupu na hutaelewa kilichotokea, kwa hiyo yapokee yalivyo, na unisaidie kabla sijafanya jambo ambalo siwezi kulirudisha nyuma.

Naitwa Roelien, nina miaka arobaini na sita, mtu wa Emmen. Nimefanya kazi kwenye ofisi ya makazi ya halmashauri tangu watoto wangu wakiwa wadogo mpaka walipohama, na mwaka jana nikaamua kwamba sasa ni zamu yangu, nitasoma shahada ya uzamili ya mipango ya vijiji, kitu nilichokitamani tangu usichana, na kila mtu alifurahi hadi nilipowaambia kwamba masomo yote ni kwa Kiingereza. Shemeji yangu alicheka mpaka kahawa ikampalia. "Roelien na Kiingereza! Utaongea kwa mikono?" Nikamwambia, "Nitaongea kwa mdomo huu huu unaokuudhi kila Krismasi."

Basi fikiria hali yenyewe, Shangazi. Nchi ni yetu, wahadhiri wa shahada ni Waholanzi, darasa zima Waholanzi isipokuwa dada mmoja anayeitwa Graça, Mreno, nasi tunakaa tunazungumza Kiingereza kwa kuwa ndiyo kanuni. Sawa, sikulalamika. Kabla ya kuanza shahada yenyewe nikajiandikisha kozi ya Kiingereza cha kitaaluma na mbinu za kusoma chuo kikuu. Mwalimu wetu ni Bronagh, mwanamke wa Ireland, mkali, mwenye kikohozi kisichoisha, na huyo mama ametufundisha kuisoma makala ngumu bila kuzama ndani yake, kuandika muhtasari kwa maneno yetu wenyewe badala ya kunakili, kuingia kwenye mjadala wa semina bila kungoja kukaribishwa, na zaidi ya yote ametufundisha kutomwogopa mwandishi. "Kuchapishwa hakukifanyi kitu kuwa amri," anasema. "Mwulize! Umejuaje? Uliwauliza nani? Mbona hitimisho lako ni kubwa kuliko ushahidi wako?" Maneno hayo yaliniingia. Mimi niliyekuwa nasoma kitabu kama mtu anayesomewa hukumu, nikaanza kusoma na kalamu mkononi, nagombana na kurasa, hadi Harm mume wangu akawa ananiuliza kutoka chumba cha pili, "Unamsema nani huko?"

Kazi ya mwisho ya kozi ilikuwa kuchagua makala ya kitaalamu na kuichambua mbele ya darasa, na alama ya kazi hiyo ndiyo inayoamua kama utaendelea na shahada au utarudi nyumbani. Nikachagua makala inayoeleza kwa nini vijana wanavihama vijiji vidogo vya huku kaskazini, kwa sababu wawili kati ya vijana hao ni wanangu. Mwandishi wake ni Daktari Wessel Ottens, mkuu wa shahada yetu. Nilijua ni yeye. Bronagh aliniuliza, "Una hakika, Roelien?" Nikasema nina hakika, mtu wa kwetu huambiwa ukweli usoni, kisha huenda zake kula mkate wake wa jibini. Nisilolijua ni kwamba siku hiyo Ottens angekuja mwenyewe na kuketi safu ya nyuma.

Nikasimama. Nikasema Daktari Ottens amewahoji vijana waliobaki vijijini, kisha akatuambia kwa nini wenzao waliondoka, bila kumuuliza hata mmoja aliyeondoka. Nikasema, kwa Kiingereza nilichokifanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafuni, kwamba hitimisho lake ni uongo. Yeye akainuka anatabasamu, akasema, "Asante, Roelien. Tatizo ni kwamba Kiingereza chako bado hakijafika mahali pa kuielewa hoja yangu." Watu wakacheka. Si wote, lakini walitosha.

Shangazi, mtu huyu ni wa Assen, mji wa jirani! Mama yake alikuwa akiuza maua sokoni na mama yangu alikuwa akinunua kwake. Kiingereza si chake wala si changu, wote tumekiazima. Nikahisi masikio yanawaka, nikamjibu kwa Kidrente, lugha tuliyolelewa nayo sote wawili: "Basi nikwambie kwa lugha ya mama yako, Wessel. Hukuwauliza!" Akawa mwekundu hadi shingoni. Graça anamvuta kila aliye karibu, "Amesema nini? Jamani, amesema nini?" na hakuna aliyemtafsiria.

Baadaye akaniita ofisini kwake. Anataka nichague makala nyingine, nirudie wasilisho langu, na niwaandikie wanadarasa barua ya kuomba radhi, niseme kwamba nilishindwa kuielewa makala yake kwa upungufu wa lugha. Nisipofanya hivyo, alama hanipi. Bronagh amesema atasimama nami, ila bosi ni bosi.

Nilipomsimulia Harm alikuwa anapakua supu ya njegere. Akasema, "Iandike hiyo barua, Roelien. Mistari mitatu. Unameza, unapata shahada yako, yamekwisha."

"Nimeze nini?"

"Kiburi."

"Si kiburi, Harm, nimesoma! Nimesoma makala ya mtu na nimemuuliza swali."

"Umeisoma yote?"

"Nimesoma mwanzo, matokeo na hitimisho, kama tulivyofundishwa kusoma kwa haraka. Kurasa arobaini si mchezo."

Akanisogezea bakuli langu. Tangu hapo tunazungumza habari za baiskeli yake tu.

Sitaiandika barua ile, Shangazi. Nimeambiwa sielewi na mtu ambaye hata hakuniuliza nimeelewa nini. Lakini shahada naitaka, naitaka sana, na sijui nawezaje kuishika bila kumpa anachokitaka. Niambie.

Roelien, Emmen

*

Roelien,

Barua ya radhi ya namna ile usiiandike. Nalisema hilo kwanza ili upumue, maana yanayofuata hutayapenda.

Ottens alikosea, tena vibaya. Mwanafunzi ameleta hoja, mwalimu akaiacha hoja akashika ulimi wa mwanafunzi, mbele ya watu. Kama jibu alikuwa nalo, pale ndipo pa kulitoa. Na kukutaka utie sahihi kwamba huna lugha, ili yeye asijibu swali, ni jambo la aibu kwa mtu wa cheo chake. Ningekuwa darasani nisingecheka.

Sasa wewe. Nilipofika pale uliposema umesoma mwanzo, matokeo na hitimisho, nilishika kichwa. Na zile kurasa za katikati je? Huko ndiko mwandishi anakoeleza aliwauliza nani, wapi, kwa njia gani! Umemshtaki mtu kwamba hakumuuliza hata mmoja, na mahali anapowataja aliowauliza hukupafungua. Bronagh alikufundisha kusoma haraka ili ujue pa kurudi na kusoma polepole. Kurudi hukurudi. Unajua kusoma nusu, na nusu hiyo imekupa ujasiri wa kitu kizima.

La pili ni lile neno, "uongo". Anayemwita mwenzake mwongo anadai kujua kilichomo moyoni mwake. Wewe uliingia moyoni mwa Ottens lini? Ushahidi ulikuwa nao kidogo, kwamba huenda hakuuliza vya kutosha, na juu yake ukajenga tuhuma ya udanganyifu. Hitimisho kubwa kuliko ushahidi, Roelien. Ndilo kosa ulilokwenda kumshtakia yeye! Najua mnavyolelewa huko mkoani Drenthe, nami nimelelewa jirani, kwetu "inaelekea" na "huenda" na "kwa ushahidi huu haionekani" tunayasikia kama maneno ya mtu anayejificha nyuma ya pazia. Jifunze kuyasikia upya. Yanamwambia msikilizaji unajua kiasi gani na unaishia wapi, na mtu anayepima maneno yake hivyo ni vigumu sana kusimama mbele yake na kumwambia hana lugha.

Basi fanya hivi. Zima simu, keti na makala nzima, ukurasa kwa ukurasa, na maelezo ya chini pia. Ukikuta amelijibu swali lako, kubali, tena kwa sauti. Ukikuta hajalijibu, iandike hoja yako upya kwa kipimo chake halisi. Kisha omba miadi naye kwa barua pepe, na Bronagh awepo chumbani. Omba radhi kwa neno moja, hilo la "uongo", na kwa kumwingiza mama yake, awe hai au marehemu, kwenye ugomvi usiomhusu. Kwa kuuliza usiombe radhi. Makala usibadilishe. Akiendelea kukunyima alama, chuo kina kamati ya mitihani, imewekwa kwa mambo kama haya haya, na malalamiko yako uyaandike kwa Kiingereza hicho hicho anachosema huna.

Na kaa na mumeo muongee kitu kingine zaidi ya baiskeli. Katika mkasa wako wote ni Harm peke yake aliyeuliza swali la maana, na ukamjibu kama vile amekutukana. Mwambie barua hutaiandika, ila swali lake umelisikia.

Haya. Nenda kasome.

Shangazi Fokje

*

Majibu hayo nilimtumia Roelien kwanza kwa posta, kwa kuwa mambo yake hayakuweza kungoja zamu ya gazeti. Ameniandikia tena, na amekubali nizichape barua zote pamoja.

Shangazi Fokje,

Nimepita. Nimepata saba na nusu kati ya kumi, na Harm amekwisha kuwaambia majirani ni nane.

Nilikukasirikia siku nzima. Nikasema, huyu naye! Halafu nikaketi na zile kurasa za katikati, na mashavu yakaanza kunichoma, kwa sababu Ottens alikuwa amewapigia simu walioondoka. Wachache, lakini aliwapigia. Nimesimama mbele ya watu nikasema hakuna hata mmoja, kumbe wapo, wameandikwa kwa herufi ndogo ukurasa wa kumi na tisa. Nikamwita Harm nikamwonyesha. Hakunicheka. Alisema tu, "Sasa?"

Nikasema, sasa naendelea kusoma. Na nilipoendelea nikaona kwamba wale aliowapigia simu wote ni wavulana. Kurasa tano mbele lipo jedwali, amelitengeneza yeye mwenyewe, linaloonyesha kwamba wanaoondoka kwa wingi ni wasichana.

Tukakutana ofisini kwake, Bronagh akiwa pembeni yangu. Nikamwambia neno "uongo" nalirudisha, na mama yake sikupaswa kumtaja, na kwamba niliposema hakumuuliza yeyote nilikosea. Uso wake ukalegea kidogo. Nikamwambia hoja nimeleta nyingine, kutoka makala ile ile.

"Nilikuambia uchague nyingine," akasema.

"Uliniambia. Sitachagua nyingine."

"Na ile barua?"

"Barua hakuna. Nilichokosea nimekuomba radhi hapa. Kwamba sina lugha sitaandika."

Bronagh akakohoa, akasema kamati ya mitihani inakutana Jumanne, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa. Ottens akaweka kalamu yake mezani. Mwisho akasema, "Darasa lile lile. Na maswali nitauliza mimi."

Akauliza kweli, Shangazi. Swali la kwanza nikalijibu. La pili lilikuwa refu kama barabara ya Emmen, sikulielewa, na zamani ningetabasamu nikaitikia kwa kichwa. Nikamwambia, "Tafadhali liseme upya kwa maneno mengine." Akalisema upya, na kwa maneno mengine lilikuwa limepungua sana. Kisha nikarusha jedwali lake ukutani kwa projekta nikasema, kwa kipimo chake: kutokana na takwimu za mwandishi mwenyewe, inaelekea hitimisho hili haliwahusu wasichana, nao ndio wengi wa walioondoka, akiwemo binti yangu.

Hakuna aliyecheka. Graça alikuwa anaandika. Ottens akaegemea mbele, akalitazama jedwali lake kama vile limetoka nyumba ya jirani, akasema, "Bado sikubaliani nawe."

"Najua, na jibu ninalo," nikamwambia, nikabonyeza kitufe. "Slaidi ya tano."

Roelien