Nyungu Yako Katika Kijiji ya Zamani

Mama,

Ile kijiji walikuambia watajenga kando ya ziwa, waliijenga. Iko karibu na njia ya kwenda Kashikishi, pale tulikuwaka tunaanika chisense, wale samaki wadogo, mbele watu wa biro, wale wa ofisi, waje kupima kiwanja. Walisimamisha nyumba sita za majani, kinu, ghala ya mihogo, na mutumbwi moja ya muti ambayo haijaingia hata siku moja mu maji. Kwenye mulango waliandika: hapa mutu anaingia katika maisha ya wazee. Watu wanatoka Lusaka na magari yao kuja kuangalia vile wanawake wanatwanga mihogo. Mimi natwanga kwetu asubuhi, kisha naenda kutwanga kwao. Ungecheka, Mama. Ungecheka mupaka ukae chini.

Mwaka muzima umepita na sikukuandikia. Leo nimeanza ju kuko kitu nilifanya, na hakuna mutu mwingine naweza kumwambia yote.

Ulianguka mu njia ya mutoni, ndoo ya udongo ikiwa kichwani. Wakati walikuja kuniita, ule udongo ulikuwa bado mubichi. Bwana Chola, ule anaongoza kijiji, alikuja ku kilio. Alikaa chini pamoja na wanaume, na alilia kweli, ju ulikuwa umekubali utakuwa mufinyanzi wake. Kisha majuma fulani akarudi. Aliniita ba mayo, sawa vile Wabemba wanaita mama kwa heshima, alinisalimia na mikono mbili, na akaomba zile nyungu tatu zilibakia mu nyumba, na mimi nishike nafasi yako. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Ziwa ilikuwa imefungwa miezi ile, serikali inakataza kuvua, hakuna samaki ya kuuzisha, hakuna mutu mwenye kuniletea kitambaa ya kushona, watoto wangu walikuwa wamerudishwa kutoka masomo ju sikulipa. Nikaandika jina yangu chini. Nilifikiri tu ni muzuri watu waone kazi yako.

Bwana Chola alifikiri mutoto wa mufinyanzi ni mufinyanzi.

Uliniita mara ngapi? “Feza, kuja utie mukono,” ulikuwaka unasema, na mimi nilikuwaka najibu kesho, ju mushipi wa kupima kitambaa, simu, wateja wa Kashikishi, kila kitu kilikuwa cha lazima kuliko udongo. Wakati tulikimbia kutoka kule Kongo, wengine walibeba mashini ya kushona na kuku. Wewe ulibeba jiwe moja laini la kusugulia nyungu, umelifunga mu kitambala, na watu wakacheka mu mutumbwi. Na walipotupa kiwanja ku kambi, kitu ya kwanza ulitafuta ni udongo. Uliokota kidogo, ukaweka ku ulimi. Nilisikia haya. Nilifikiri watasema mama yangu anakula udongo, na nikakuomba ufanye vile mahali watu hawaone.

Ninaukumbuka ule ulimi, Mama. Lakini sijui ulikuwa unatafuta ladha gani.

Nilijaribu. Nilichota pale pale ulichota. Nilisaga vipande vya nyungu za zamani na kuvichanganya na udongo, vile niliona ukifanya, lakini sikujua ni mikono mingapi ya vipande. Ya kwanza ilipasuka mu kivuli, hata mbele niiweke mu moto. Ya pili niliipanga na maganda ya miti, nikawasha, na ikalipuka mupaka kuku za jirani zikakimbia. Ya tatu ilitoka muzima. Nilisimama mbele yake na kuimba, nakuambia kweli. Kisha nikamwaga maji ndani, na maji yakatoka yote chini, polepole, na mimi naangalia tu.

Nilimwambia Bwana Chola. Hakukasirika. Alisema wageni wanakaa dakika kidogo tu. Nizungushe udongo, niinue ukuta ya nyungu kiasi ya kiganja, na niweke zako mbili pembeni yangu. Hii njo kazi yangu sasa. Wanapiga foto, wanaenda. Wakienda, naponda ule udongo na kuanza tena. Ni udongo ule ule tangu mvua iishe.

Ile nyungu yako kubwa, ile ulipikia maharagi siku ya ndoa ya mudogo wangu Furaha, wao waliiweka mu nyumba kubwa, ile ninakaa na udongo, nyuma ya kamba, na kikaratasi mbele yake. Nilimuomba binti mwenye kutembeza wageni anisomee. Alisoma: Nyungu ya kale sana, mwenye kuifinyanga hajulikani. Nilicheka, nilifikiri ananichekesha. Ile nyungu uliifinyanga mwaka moja mbele ya kufa, na mimi nilikuwa hapo nje namenya mihogo.

Nilienda ku biro. Bwana Chola alijikuna kichwa, akasema kikaratasi kiliandikwa Lusaka.

“Ba Feza,” alisema, “mugeni hatoke mbali kuja kuona kazi ya mwaka juzi.”

Aliniambia tukiandika jina yako, wataitosha na kuiweka nje ya nyumba. Na wakiitosha, pengine wataona hawana tena lazima ya mutu wa kukaa na udongo. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema na sauti ya chini, sawa mutu mwenye kukuhurumia. Nilishukuru, nikatoka. Nilishukuru, Mama, sijui ju ya nini.

Kisha, juma mbili zimepita, wamama wa kanisa yetu walikuja kutembea pale. Mama Sifa alikuwa kati yao, rafiki yako ule mulikuwaka munauza naye ku meza moja ya soko. Macho yake haione tena muzuri. Aliinama juu ya ile kamba mupaka nikaogopa ataanguka. Unajua vile ulikuwaka unakandamiza vidole tatu chini ya mudomo wa nyungu mbele haijakauka. Aliona zile alama. Akageuka. Wageni wa Lusaka walikuwa wamejaa mu nyumba, na Bwana Chola alikuwa amesimama ku mulango.

“Feza, hii si nyungu ya mama yako?”

Mama, nilikuwa na udongo mu mikono. Nilimwangalia Bwana Chola. Aliniangalia tu. Na mimi nikasema, “Hapana, Mama Sifa. Ni ya wazee wa zamani.”

Alifunga kitambala yake muzuri, akatoka. Wengine wakamufuata. Mugeni moja akaniomba niinue udongo kidogo, apige foto. Nikainua.

Siku ya Mungu, Jumapili, nilienda kwake. Alinipa kiti, alinipa maji, akanifungia samaki wa kukauka sawa vile anafanya kila mara. Nilimwambia yote, na ile karatasi, na ile ziwa kufungwa, na zile nyungu zilipasuka. Alisikiliza huku akichagua mawe mu maharagi.

“Nilijua ni ju ya kazi,” alisema. “Hata mimi ninakula.” Akatupa jiwe moja, akasema, “Lakini alikuwa rafiki yangu, Feza.”

Mu njia ya kurudi nililia mupaka mama moja nisiyemujua akauliza kwa Kibemba kama nimefiwa. Nikamuambia ndiyo.

Siku ya pili nilirudi ku kazi. Sikuacha. Kikaratasi kiko pale pale. Nyungu siwezi kuichukua, ju niliitoa mimi mwenyewe na mukono yangu, na Furaha mwenyewe ameniuliza iko wapi, sikumujibu. Saa ya kula, wakati nyumba iko tupu, nasimama pale ku kamba. Nikiinama sana, mukono yangu inafika. Ninaweka vidole vyangu tatu mahali ya vidole vyako, na haviingiane. Vyako vilikuwa vipana.

Sitakuahidi nyungu, Mama. Sitakuahidi kuacha kazi. Ulikuwaka unajua kila mara nikidanganya. Ninakuahidi moja tu. Mutu akiniuliza tena, awe Mama Sifa, awe muzungu, awe mutoto wa masomo, nitajibu: ni ya Kabibi, mama yangu, hata Bwana Chola akiwa amesimama ku mulango, na kile kitafuata kifuate.

Pumuzika, Mama. Ninaogopa ile siku. Kila asubuhi nikivuka ule mulango, naomba wasiniulize.

Mutoto wako,
Feza