Wanataka Nishuhudie Kwamba Mume Wangu Anatembea

Mpendwa Shangazi mshauri, naomba unisaidie na usinihukumu haraka, maana hapa nilipo sina wa kumweleza. Mimi ni mshonaji, na kanisani kwetu ndimi ninayeongoza kwaya. Mume wangu alikuwa mwashi, mtu wa utani, akiingia mahali lazima watu wacheke, mpaka jukwaa la mbao lilipovunjika akiwa anapiga plasta ghorofani, akaanguka chali, na tangu siku hiyo kuanzia kiunoni kwenda chini hahisi kitu. Namgeuza, namwosha, nambadilisha, na mgongo uliobeba mifuko ya saruji sasa una vidonda vinavyonuka hata nikifungua madirisha yote.

Mchungaji wetu alipohubiri kwamba mwaka huu hakuna atakayebaki kitandani, nililishika neno hilo kwa mikono miwili, nikamsihi mume wangu akubali kupelekwa akaombewe, akaniambia, "Mke wangu, Mungu namwamini, ila hii miguu usiitangazie watu." Nikamng'ang'ania mpaka akachoka kukataa, wakambeba kwa kiti, wakamwekea mikono, wakamwinua, mchungaji akasema mwachieni, wakamwachia, naye akaanguka kifudifudi mbele ya kanisa zima huku suruali ikilowa, na mchungaji akasema kwenye kipaza sauti kwamba katika nyumba ile kuna mtu anayezuia muujiza kwa kutoamini. Watu wote wakanitazama mimi.

Tangu hapo mume wangu amegeukia ukuta, chakula anaonja tu, na juzi aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi, "Ungeniacha tu nijiendee," nami hata sikumjibu, nilikuwa nawahi mazoezi ya kwaya.

Sasa kuna mkutano mkubwa unakuja, na mchungaji ameniita ofisini akaniambia nisimame nishuhudie kwamba vidole vya miguu vimeanza kucheza, eti huo si uongo, ni kutangulia kuamini, na nikikataa basi kwaya apewe mwenye imani. Nimekubali. Mume wangu alizipata habari hizo kwa jirani, akaniuliza, "Ukishawaambia natembea, mimi huyu niliyelala hapa nitakuwa nani?" Nikatoka nikalilia nyuma ya choo. Shangazi, kwenye kwaya ndipo Mungu ananiona. Nyumbani ni beseni na harufu, na nikivuliwa kwaya sijui maisha yangu yatakuwa na maana gani.

Mke wa Mwashi

JIBU

Mke wa Mwashi, pole. Nimesoma barua yako hadi mwisho, nikavua miwani. Kisha nikakasirika.

Tuanze na la haraka. Mumeo amekwambia anataka kufa, wewe ukawahi mazoezi. Leo, kabla hujagusa cherehani, kaa kitandani kwake umuulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakutampa wazo hilo. Kutampa nafasi ya kulitua. Dawa, mikasi na nyembe ziweke mahali mkono wake usipofika. Asiachwe peke yake. Mpeleke hospitali, uwaeleze hilo na vidonda pia, wala usione haya. Kidonda kinachonuka kinaua, mama, na kuomba hakukuzuii kuita daktari.

Ushuhuda huo hutautoa. Vidole havijacheza, wewe unajua, mumeo anajua, Mungu anajua. Amebaki nani wa kudanganywa? Ni mama mwingine atakayekaa viti vya nyuma na mgonjwa wake, akusikie, kisha arudi nyumbani akamlaumu mgonjwa. Aibu iliyowapata ninyi utakuwa umemtwisha yeye. Mfuate mchungaji mchana, ukiwa na mtu mzima anayeheshimika, umwambie, "Sitasema." Usibishane naye maandiko, atakuzidi maneno. Akitaka kwaya, mwachie.

Najua hapo nimekuchoma. Sidharau kuimba kwako. Lakini unazungumza kana kwamba Mungu akifika mlangoni kwako hugeuka akarudi kwa sababu ya harufu. Kristo ninayemfahamu mimi aliinama na beseni akaosha miguu ya watu, tena wengine alijua watamkimbia. Sitakwambia kazi hiyo ni tamu. Utachoka, utanuna, siku nyingine utamwosha huku umemchukia. Hata siku hiyo utakuwa unamtumikia Mungu, pengine kuliko ulipokuwa umeshika kipaza sauti. Ila usibebe mzigo huo peke yako. Shemeji zako wako wapi? Waite wagawane siku. Waambie wanakwaya waje kumgeuza mgonjwa na kufua mashuka, wewe ulale. Watakaokuja, hao ndio kanisa lako, hata wakiwa wawili.

Na mumeo mwombe msamaha kwa kumpeleka alikokataa. Usijitetee, usilie ili akubembeleze, na usimdai akusamehe papo hapo. Alikuuliza yeye ni nani na hakuna aliyemjibu. Mjibu: ni mume wako, ni mtu wa Mungu, amelala hivyo hivyo, na hahitaji kusimama ndipo ahesabiwe. Akinyamaza, mwache anyamaze. Huenda asitembee tena, na huenda akakaa muda mrefu bila kukutazama. Hilo siwezi kukuondolea.

Sasa kunja gazeti hili utafute gari. Hospitali kwanza, mchungaji atasubiri.