Daraja Lililowekeshwa Majumbani

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI YA KULINDA DARAJA LA CHUMA LA MTO NYAMAROSO, MUGETA, WILAYA YA BUNDA

Tarehe: Jumamosi, 14 Machi 1987
Mahali: Ghala la ushirika, Mugeta
Muda: Kikao kiliitishwa saa tatu asubuhi. Kilianza karibu saa sita, Mwenyekiti alipotoka joshoni na ng'ombe wake.

WALIOHUDHURIA
Mzee Magige Matiko – Mwenyekiti
Ndugu Apolinary Rafaeli – Mjumbe, katekista wa kigango
Ndugu Boniphace Wegesa – Mjumbe, mkulima na fundi wa plau
Bibi Gati Makongoro – Mjumbe
Bi. Hyasinta Burito – Katibu

ASIYEHUDHURIA
Ndugu Stanislausi wa Guta, mvuvi. Hakutoa udhuru, ila alituma sato wawili. Walipokelewa.

KUMB. NA. 1/87: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa uvumilivu. Katibu aliomba ieleweke kwamba si uvumilivu, bali ni kwamba funguo za ghala alikuwa nazo Mwenyekiti na wajumbe walikuwa juani.

KUMB. NA. 2/87: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA
Katibu alikumbusha kwamba mwaka jana, baada ya malori ya wanunuzi wa chuma chakavu kuonekana Bunda yakizoa kila kitu tangu biashara huria iliporuhusiwa, kamati iliazimia daraja lilindwe kwa njia ya kuwekesha. Yaani kama mtu anavyogawa ng'ombe wake kwa marafiki wawatunze, ili wezi wakija wasiwakute wote zizi moja, ndivyo daraja lilivyofunguliwa na wajumbe wanaume wakachukua kila mmoja sehemu kwenda kuitunza kwake. Katibu alipinga siku ile. Mwenyekiti alisema hakumbuki kama kuna aliyepinga. Bibi Gati alisema yeye anakumbuka.

KUMB. NA. 3/87: UGENI WA AFISA UTAMADUNI
Katibu alitoa taarifa kwamba Afisa Utamaduni wa Wilaya atafika Jumanne kuliona daraja. Akiridhika, litaandikishwa kuwa kumbukumbu ya historia, na mtoni patawekwa bamba lenye majina ya waliokufa wakilijenga enzi za Mwingereza, kwa ajili ya reli ndogo ya mgodi wa dhahabu. Mmoja wao ni baba mzazi wa Bibi Gati, aliyeanguka kutoka juu mto ukiwa umefurika na hakuonekana tena. Hana kaburi. Bibi Gati ndiye aliyeomba kamati hii iundwe, ili baba yake awe na mahali.

Mwenyekiti aliuliza daraja liko katika hali gani. Katibu alijibu kwamba hakuna daraja. Kuna nguzo ya mawe upande huu na nyingine ng'ambo, na juu ya hii ya kwetu pamelala mbuzi.

Mwenyekiti alimtaka Katibu asiwavunje watu moyo. Alieleza kwamba daraja lipo lote, halijauzwa hata boliti moja, ila lipo majumbani.

KUMB. NA. 4/87: TAARIFA ZA WATUNZAJI
Ndugu Apolinary alieleza kwamba vipande vya reli alivyokabidhiwa viko salama, na kimoja kimetundikwa kigangoni kama kengele. "Waumini wameshakizoea. Nikikitoa nitawaitaga na nini, mdomo?" Ndugu Boniphace alisema anakisikia kila alfajiri, atake asitake.

Ndugu Boniphace mwenyewe alieleza kwamba mabamba aliyopewa ameyakata akatengenezea majembe ya plau, kwa kuwa madukani hayapo na mvua haingoji. Alijitetea hivi: "Ng'ombe wa kuwekeshwa si unamkamuaga? Basi na mimi nimekamua." Katibu aliuliza ni ng'ombe gani anayekamuliwa kwa tindo na nyundo.

Ilielezwa kwamba sehemu ya Ndugu Stanislausi ni nanga ya mtumbwi wake. Iko chini ya ziwa.

Mwenyekiti alieleza kwamba boriti mbili ndefu ndizo lango la zizi lake. "Nikizitoa Jumatatu, Jumanne sina ng'ombe." Aliongeza kwamba kwa desturi mtunzaji mzuri huzawadiwa ndama. Katibu aliuliza daraja linazaa ndama wa namna gani. Mwenyekiti alisema Katibu ana mdomo na akataka iandikwe. Imeandikwa.

KUMB. NA. 5/87: NAMNA YA KUMPOKEA AFISA
Pendekezo la kulijenga upya lilishindikana, kwa kuwa hakuna anayekumbuka chuma kipi kilishikana na kipi.

Ndugu Boniphace alipendekeza Afisa aambiwe kwamba daraja lilichukuliwa na mafuriko. Bibi Gati alisema: "Mto umeshanichukulia mtu. Msiusingizie na chuma."

Mwenyekiti alipendekeza Afisa atembezwe nyumba kwa nyumba alione daraja vipande vipande, kama wakwe wanavyokwenda kukagua ng'ombe wa mahari. Ndugu Apolinary aliunga mkono, akaomba waanzie kigangoni. Katibu alisema amechoka. Alisema ameandika habari za kamati hii nyuma ya stakabadhi za mauzo ya pamba tangu karatasi zilipoadimika, na leo ndipo ameona aibu ya kuwa katibu wake. Mwenyekiti alimwomba akae.

Bibi Gati aliomba nafasi. Alimuuliza Mwenyekiti: "Mwanangu Magige, ng'ombe wa watu unaowatunzaga, ukiulizwa huyu ni wa nani, unasemaga nini?" Mwenyekiti alijibu kwamba humtaja mwenye ng'ombe kwa jina, asiyemtaja ni mwizi.

"Na zile boriti zako?"

Mwenyekiti alisema ni za kamati. Ndugu Apolinary alisema reli ni ya kanisa, kisha akasema ni ya kamati.

"Baba yangu aliitwaga nani?"

Mwenyekiti alijibu kwamba ni Makongoro. Bibi Gati alisema Makongoro ni marehemu mume wake. Katibu naye hakulijua jina hilo. Kwenye taarifa zote zilizokwenda wilayani ameandikwa "baba mzazi wa Bibi Gati".

"Aliitwa Mseti," alisema Bibi Gati. "Nilikuwaga mdogo, nampelekea uji pale ng'ambo. Siku aliyoanguka nilirudi na kibuyu kimejaa. Mimi sidai chuma, kaeni nacho, mlime, mfunge mazizi. Lakini mtu akiwauliza hiki ni cha nani, mseme ni cha Mseti. Bamba lije, lisije."

Kisha Mwenyekiti alisimama, akavua kofia, akasema boriti zilizo langoni kwake ni za Mseti. Ndugu Apolinary alisema hivyo kuhusu reli. Ndugu Boniphace alisema hivyo kuhusu mabamba, akaketi.

KUMB. NA. 6/87: AZIMIO
Afisa atatembezwa nyumba kwa nyumba. Kila mtunzaji atamtaja mwenye mali kabla ya kusema neno jingine lolote. Katibu atakwenda Guta kumweleza Ndugu Stanislausi.

Azimio hili halikupingwa na mjumbe yeyote. Halijawahi kutokea jambo kama hilo tangu kamati hii iundwe.

Wajumbe walitawanyika saa tisa alasiri.

(Sahihi) Magige Matiko, Mwenyekiti
(Sahihi) Hyasinta Burito, Katibu