Mita Sita za Rangi ya Kitunguu

Mama Cherop, rafiki yangu wa ng'ambo ya ua,

Wiki ile yote kabla ya harusi ulikuwa unanitembelea. Kila nikifumba macho nakukuta umesimama katikati ya majani chai, ukungu umekufika kiunoni, na mkononi una kitambaa ambacho rangi yake siioni vizuri. Unakigeuza, unaangalia upande wa nyuma, unavuta uzi mmoja na kuuinua kwenye mwanga. Nakuuliza, sasa hii tutafanyaje? Hujibu. Ukungu unasogea, unakufunika polepole, na mimi naamka nikisikia jogoo wako akiwika. Ni yule yule jogoo, asiyejua saa hata leo.

Sasa harusi imepita, na nimeona nikueleze mwenyewe. Niko mezani jikoni, mvua ya mchana imeshika, na gauni langu linaning'inia nyuma ya mlango, pindo likikauka. Njeri wangu akinikuta hivi atasema mama ameanza kuzeeka, anaandikia watu wasio na anwani. Aseme.

Baba Cherop ameoa.

Haya, nimeiandika. Nimeinuka kidogo, nimeongeza kuni, nimerudi. Ameoa mwalimu wa nasari kutoka Siongiroi, mjane, anaitwa Rael. Si msichana, mvi anazo kama zetu. Ningependa nikuambie ana kasoro fulani ili tumcheke pamoja, lakini nimetafuta nimekosa. Labda kicheko chake tu, ambacho huanza kabla kichekesho hakijaisha.

Kadi aliniletea Baba Cherop mwenyewe. Alisimama pale kwenye ua, kofia mkononi, akaanza na habari za ng'ombe, akaenda kwa habari za mvua, akarudi kwa ng'ombe. Unamjua. Alipotoa hiyo kadi nilitaka kummwagia chai, nasema ukweli, na ilikuwa ya moto. Halafu nikaona kola ya shati lake imekunjika upande mmoja, ile kola uliyokuwa unainyoosha mlangoni kila Jumapili, na hasira ikaniishia miguuni. Huyo mzee amekuwa akitembea na kola iliyokunjika tangu tukuzike.

Akasema binti yenu Cherop amekataa kuja. Hajamtukana baba yake, hajalia, amesema tu kwamba siku hiyo atakuwa anachuma majani. Tena amesema kwa heshima, na ndiyo iliyomuumiza zaidi. "Mama Njeri," akaniambia, "nisipomwona mtoto kanisani, nitakuwa nimepata mke na kumpoteza Cherop." Akavaa kofia, akapotea kati ya majani chai. Hilo ndilo lililonikaa kifuani, si hiyo harusi. Mtoto tulimlea sisi wawili, na sasa nimebaki mmoja wa kumwita arudi.

Na kulikuwa na lile swali letu. Tutavaa nini? Kadi ya harusi ikifika kwako ulikuwa unanipigia kelele kwenye ua hata kabla hujasoma ni nani anaoa. Kitambaa kimoja, mishono miwili. Wewe mikono mirefu na mkanda, mimi mshono wenye nafasi ya kula. Watu walituita mapacha! Mkipsigis mrefu kama mlingoti wa stima na Mkikuyu mfupi aliyezaliwa hapa hapa Kapsoit, mapacha. Unakumbuka kule Chebunyo, kwa binamu yako, yule mwenye kipaza sauti alivyosimamisha wimbo akatangaza kwamba mapacha wamefika? Ukajifanya umeona haya, na huku unatembea polepole ili waone vizuri. Ukisema "kitampaa" nakucheka, mimi nikisema "shai" unacheka mpaka unakaa kwenye nyasi. Kijani ulikataa kabisa. Ulisema tukivaa kijani tutapotea shambani na watu watatuchuma.

Basi nilifungua sanduku nikatandaza nguo zote kitandani, nikazitazama mpaka mchana ukaisha. Nikivaa ile nyeusi ya matanga, Rael atadhani nimekuja kumzika. Nikivaa mojawapo ya zile zetu, watu wataangalia ubavuni kwangu wakimtafuta wa pili. Na nikinunua mpya, peke yangu, si ndiyo nimekuacha? Hukuniachia neno lolote juu ya jambo hili. Uliniachia mbegu za mboga za managu, na sufuria yangu hukurudisha.

Nikaenda Kericho. Ilikuwa ile mvua ya asubuhi isiyoanguka, inayoning'inia tu hewani, na vilima vyote vilikuwa vimelala chini ya blanketi. Nilipanda ngazi za duka letu la vitambaa kama mtu anayetembea ndani ya maji. Majora yalikuwa yamesimama ukutani, marefu, kimya, na moja katikati lilikuwa na rangi ya ganda la kitunguu chekundu. Ile rangi ya ganda la nje kabisa, unapolishika dirishani na jua linapita. Nilijua ni hilo. Nikakigeuza kitambaa chake nikaangalia upande wa nyuma. Nikavuta uzi, nikaomba kiberiti, na dada wa dukani akakunja uso vile vile alivyokuwa anakukunjia wewe. Uzi ukaungua ukawa jivu, haukuyeyuka. Pamba halisi, kitambaa kizuri.

Akaniuliza mita ngapi. Na mdomo wangu, Mama Cherop, bila kuniuliza mimi mwenyewe, ukasema sita.

Nilisikia tu makasi yakipita. Unajua ile sauti, kama mtu anayevuta pumzi ndefu. Mita tatu zangu, na tatu zako. Na kitambaa kikishakatwa hakirudishwi. Nilishuka zile ngazi nimekikumbatia, nikalia pale chini mbele ya muuza karanga, akanipa karanga.

Fundi wetu wa Kapsoit alichukua utepe wake wa kupimia. Alinipima, akaandika na chaki. Halafu, kwa mazoea tu, akainua utepe juu, pale mabega yako yanapofikia, na mkono wake ukabaki hewani. Tulisimama hivyo, mimi na yeye, tukiangalia mahali ulipo. Kisha akashusha utepe, akakunja ile nusu yako vizuri, akaifunga na utepe mwembamba wa kitambaa hicho hicho, akanipa.

Nilimpelekea Cherop. Njiani nilipanga maneno kama mhubiri, juu ya baba, juu ya kusamehe, juu ya wewe ungetaka nini. Nilimkuta shambani, kikapu mgongoni, aproni ya plastiki imelowa, mikono inaenda haraka haraka juu ya majani bila kuangalia, kama yako. Maneno yote yakaniponyoka. Akaona rangi ile. Akaniuliza kitambaa ni cha nani, nikamwambia ni cha mama yako, nimekosea dukani. Hakukigusa kwa sababu ya mikono yake michafu. Akasema nikipeleke ndani. Nikakiweka kwenye kiti chako, kile ambacho hakuna anayekikalia, nikarudi nyumbani nikijua nimeshindwa.

Asubuhi ya harusi ukungu ulikuwa mzito mpaka sikuona ua. Nikasikia gambuti za mpira zikija kwenye majani, hatua ndefu za mtu mrefu. Mungu anisamehe, nilidhani ni wewe. Alikuwa Cherop. Amevaa gauni lake la bluu la kanisa juu ya gambuti, kitambaa chako kwapani, na ndimu kutoka kwa mti wako mkononi. Akanionyesha vidole vyake, vyeusi kwa utomvu wa majani chai.

"Mama Njeri, nisugue," akasema.

Basi tukakaa mlangoni. Ndimu na majivu, kidole kimoja baada ya kingine, kama tulivyokuwa tunasuguana mimi na wewe kila harusi, maana ulisema mtu anaweza kuvaa vizuri mpaka shingoni na mikono ikamsema. Vidole vyake ni vyako. Hata kile kidogo kinachopinda kwenda nje. Sikumuuliza kitu, niliogopa nikipumua vibaya ataruka kama ndege. Alipomaliza kunawa akakifunga kile kitambaa kiunoni kama leso, hakijashonwa, nyuzi zinaning'inia pembeni, na tukaondoka.

Uwanja wa kanisa ulikuwa matope matupu, mekundu, ya kuvuta kiatu. Wanawake walikuwa wamejipanga na leso zao. Unaijua kazi hiyo, ulikuwa kiongozi wake. Bibi harusi akishuka kwenye gari wanamtandikia, akipita wanaokota za nyuma na kukimbia kutandika mbele, huku wakiimba. Lakini matope yalikuwa mengi, za nyuma zilinata, wenye kuokota ni wazee kama mimi. Karibu na mlango leso zikaisha. Rael akasimama kwenye ukingo wa leso ya mwisho, gauni kalishika kwa mikono miwili, na mbele yake matope. Ndani niliweza kumwona Baba Cherop amesimama, akiangalia nje. Hakuwa anamwangalia Rael. Alikuwa anamwangalia mtoto wake aliyekuwa kando yangu.

Nikahisi Cherop ameniacha. Alienda mbele, akafungua kile kitambaa kiunoni, akakikung'uta mara moja, akakitandika.

Wimbo ukashuka, ukabaki kwenye koo za watu. Waliangalia gauni langu, wakaangalia chini, wakaelewa. Kapsoit nzima inajua mapacha. Na mimi hata sasa sijui kama mtoto alikuwa anampa au anamtupia. Nadhani yeye mwenyewe hakujua. Alisimama pale, mrefu, midomo imefungwa, akingoja kuona yule mama angekukanyaga vipi.

Rael aliniangalia gauni. Akaangalia chini. Akamwangalia Cherop kwa muda. Halafu akainama, akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, vyeupe, vimejaa matope, akabaki miguu mitupu.

"Hiki sikikanyagi na viatu," akasema, polepole, ni sisi wa karibu tu tuliosikia. Na akampa Cherop vile viatu ashike.

Akapita juu yako taratibu, kama mtu anayepita mahali mtoto amelala. Cherop akamfuata nyuma, viatu vimebanwa kifuani vikimchafulia gauni, na hivyo ndivyo alivyoingia kanisani. Alipomfikia baba yake akasimama. Akaweka viatu chini, akanyoosha ile kola, akaenda kukaa. Yule mzee hakuweza kusema nadhiri zake, pasta alimngoja sana.

Mimi nilibaki nje kukiokota. Kilikuwa na matope na alama za vidole vya miguu, zote, hata za vile vidogo. Nikakikunja kwa ndani na nikalia bila haya. Baadaye nikala, usidhani sikula. Na muziki ulipoanza nikacheza peke yangu, na Mama Cherop, hakuna mtu aliyenisukuma. Waliniachia nafasi ya watu wawili mpaka mwisho.

Nimekifua mara kadhaa. Wekundu wa udongo umebaki kidogo, kama umeingia kwenye rangi. Fundi anasema haina neno, na hahitaji kupima kitu, kwa sababu Cherop ana urefu wako ule ule. Mtoto anataka ashonewe mikono mirefu na mkanda. Sikumwambia mimi.

Jana nilipita kwako. Rael alikuwa anachemsha maharagwe ndani ya sufuria yangu, ile ile, hata mkunjo wa mpini niliutambua. Nilifungua mdomo niidai. Nikaufunga, nikakaa, tukala.

Mvua imepungua, naona ukungu unaanza kupanda kutoka bondeni. Nenda basi, rafiki yangu. Saisere, kama mnavyoagana kwenu, na kongoi, asante, kwa kila harusi uliyonivalisha. Ukitaka kuja ndotoni njoo, lakini ujibu ukiulizwa.

Nakuahidi hivi. Maadamu nina miguu ya kupanda zile ngazi, nikiulizwa mita ngapi nitasema sita. Kadi ikija nitasimama kwenye ua nipige kelele kabla sijasoma ni ya nani, tutavaa nini, na Cherop ataniitikia kutoka huko ndani ya majani. Na kijani, hata wakiomba vipi, hatutavaa.

Pacha wako,
Mama Njeri